Kilima cha Kaskazini

Mtu akitaka kuelekezwa nyumba yoyote katika mtaa ule wa Mbweni, aliambiwa hivi: shuka na barabara ya vumbi, ukifika Shimo la Sadallah, kata kushoto. Waendesha bodaboda walilijua, wauza samaki walilijua, hata waleta mitungi ya gesi walilijua. Na mwenye jina lake alikuwa hai. Mzee Sadallah, miaka sabini na minane, alikuwa akiketi barazani kwake hatua chache tu kutoka kwenye hilo shimo, akisikia jina lake likitajwa mchana kutwa. Kila lilipotajwa aligeuza uso ukutani. Miaka ishirini aligeuza uso.

Ubaya ni kwamba hakusingiziwa. Shamba la minazi aliloachiwa na babu yake lilikuwa na mchanga mzuri, na watu wa bara walipoanza kununua viwanja na kujenga, tipa zikaja. Ilianza tripu moja, zikafuata mia. Minazi ikaanguka mmoja mmoja. Siku mchanga ulipokwisha, madereva hawakurudi hata kuaga, likabaki shimo la ukubwa wa nusu kiwanja cha mpira, lenye kingo za wima, linalojaa maji wakati wa masika na takataka wakati wa kiangazi.

Bintiye, Mwanaheri, aliishi pembezoni mwa aibu hiyo. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini kasoro, mwajiriwa wa idara ya bustani, kazi yake kupanda maua kwenye vipilefti vya barabarani na kupigana na mbuzi wanaoyala. Akisema lake, limesemwa. Wenzake walimwogopa kidogo, na yeye hakuona sababu ya kuwatoa hofu.

Basi bahati ikamwangukia. Kazini walitaka mtu wa kwenda Beijing miezi mitatu kusomea bustani za umma, na waliotangulia kwenye orodha walikuwa na udhuru. Akaenda. Huko ndiko alikokutana na maziwa ya wafalme, na hakurudi yule yule.

Mwalimu wao, Bi Lin, mama mfupi mwenye kofia ya majani, aliwatembeza mpaka miguu ikawaka. Aliwapeleka kwanza Beihai, katikati ya jiji, kwenye ziwa lenye karibu miaka mia tisa, na kisiwa kilichoinuliwa kwa udongo wa ziwa lenyewe. Halafu akawapeleka Kasri la Kiangazi. Hapo Mwanaheri alisimama akashika kiuno. Ziwa jeupe kama sinia, daraja lenye matao kumi na saba, ujia wa mbao uliochorwa picha kutoka mwanzo mpaka mwisho, na juu ya vyote, upande wa kaskazini, kilima chenye mahekalu. Ziwani mlikuwa na visiwa vitatu, kwa sababu tangu miaka elfu mbili iliyopita wafalme wa huko walipenda kuamini kwamba bahari ya mashariki ina visiwa vitatu ambako watu hawafi. Kwa kuwa hawakuviona, wakavitengeneza wenyewe.

Mfalme Qianlong, akaeleza Bi Lin, alilipanua ziwa lile mwaka 1750, mama yake alipokuwa anakaribia kutimiza miaka sitini. Ziwa lilikuwa zawadi, lakini halikuwa pambo tupu: lilitunza maji ya mji na kunywesha mashamba ya mpunga. Na udongo uliochimbwa haukutupwa. Ulipandishwa kilimani, kilima kikapewa umbo. Miaka mia moja na kumi baadaye askari wa Kiingereza na Kifaransa walipachoma moto, pakajengwa tena.

"Udongo unaotoka ziwani hauondoki bustanini," alisema Bi Lin. Mkalimani alilirudia hilo mara mbili, na Mwanaheri akaliandika, akalipigia mstari. Aliwaza mchanga wa babu yake, ulioondoka kwa tripu, na moyo ukamuuma.

Aliporudi hakuanza na zawadi wala hadithi za ndege. Alimwendea baba yake barazani.

"Baba, lile si shimo. Lile ni ziwa halijamaliziwa."

"Mwanangu, lile ni shimo."

"Hata la mfalme lilikuwa shimo kwanza. Yeye alihangaika kumchimbia mama yake. Mie baba yangu kanichimbia kabisa, tena bila kuombwa."

Mzee Sadallah alicheka mpaka akakohoa, kisha akageuza uso ukutani, maana utani ule ulikuwa na mwiba ndani yake.

Kazi ilichukua miezi minane. Kila Jumamosi na Jumapili, Mwanaheri na wachimbaji wanne walizoa chupa na pampasi, wakalaza zile kingo za wima ziwe mteremko, wakazidisha kina cha katikati. Waliacha vichuguu vitatu bila kuvigusa, vikawa visiwa, na kila kimoja akakipanda mnazi mchanga. Udongo wote alikataza usitoke nje. Aliurundika upande wa kaskazini, mpaka kikasimama kilima kirefu kuliko mtu, chenye urefu wa vyumba vitatu vilivyofuatana. Alikipanda nyasi, akakipenda kama mtoto.

Wa kwanza kulalamika alikuwa baba yake.

"Mwana, kaskazi yangu iko wapi? Upepo uliokuwa ukija hapa barazani umeuzibia."

"Kule Beijing kilima kiko kaskazini, baba."

"Kwao kunavuma kaskazi?"

"Kwao kunavuma baridi kali. Kilima kinaizuia."

"Sasa wewe hapa Mbweni unazuia nini?"

Lilikuwa swali la haki, na Mwanaheri alilijua. Lakini mtu akishapenda kitu chake huwa haoni tongotongo zake. Alimletea baba yake feni, akaona yamekwisha.

Nyuma ya kilima, upande ule wa kaskazini ambako ardhi imeinuka, alikaa Mzee Apolinari, mtu wa Bukoba, karani wa posta aliyestaafu. Alikuwa mtu safi, mwenye ratiba, aliyepiga pasi hata shati la kupandia mchicha. Stempu alizozikusanya kwa miaka arobaini alizihifadhi kwenye albamu kumi na moja, katika kabati la chini sebuleni. Hakuwa na ugomvi na mtu, mpaka mwanzoni mwa Machi, mvua ya kwanza iliponyesha saa mbili asubuhi, kwa nusu saa tu.

Maji ambayo miaka yote yalipita uani kwake yakaishia shimoni, safari hii yalifika kwenye kilima yakagonga. Hayakuwa na pa kwenda. Yakarudi nyuma, yakapanda ngazi, yakaingia sebuleni.

Mwanaheri alipokwenda kumpa pole, alikuta kurasa za albamu zimetandazwa juu ya meza, viti na kamba ya nguo, stempu zikijikunja moja moja kama majani makavu. Mzee Apolinari alikuwa akizigeuza kwa koleo dogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Usikanyage hiyo, ni ya mwaka sitini na nne."

Akageuza nyingine. Mwanaheri angeona afadhali kutukanwa. Alirudi nyumbani, akajiona mjinga mkubwa, mtu aliyekwenda kusoma mbali ili arudi kuzamisha jirani.

Mkutano wa mtaa uliitwa keshokutwa yake, chini ya turubai. Mwenyekiti alikuwa Bi Bupe, mwanamke wa Tukuyu mwenye sauti isiyohitaji spika.

"Tumemvumilia Bi Mwanaheri kwa sababu alituondolea mbu na takataka," alisema. "Lakini redio inasema masika yenyewe inaingia baada ya siku kumi. Maji yakiingia tena kwa Mzee Apolinari, au kwa yeyote, mimi naleta kifusi cha barabarani, shimo linafukiwa. Mnakubali?"

Mikono ikainuka. Aliyekuwa wa kwanza kuinua ni Apolinari.

"Fukieni," alisema mmoja nyuma. "Tokea lini shimo likawa bustani? Sista katuletea u-China hapa."

Mwanaheri akasimama.

"Nimekosa, na kosa ni langu peke yangu. Kwa siku kumi nitalirekebisha. Ila msiliite shimo kama vile halikuwahusu. Nyie nyote mnajua kuta zenu zimejengwa kwa mchanga wa wapi. Baba yangu ndiye kabaki na shimo, nyie mna nyumba. Siku kumi, basi."

Mkutano ukavunjika bila makofi.

Jioni hiyo hiyo kabla jua halijazama alifungua daftari lake la Beijing, akitafuta alikopotea. Alipapata mapema, ukurasa wa pili, kwa mwandiko wake mwenyewe: *Kwanza maji.* Akakumbuka. Kabla ya kuwaonyesha kilima, Bi Lin aliwatembeza siku nzima upande wa magharibi, kwenye chemchemi za vilima vya huko, akiwafuatisha maji yalikotoka, yalikokatiwa mifereji, yalikowekewa milango. Mwanaheri alikuwa amechoka siku ile, akapiga picha viatu vyake akawatumia dada zake wacheke. Na kilima cha mfalme kilikuwepo kabla ya ziwa! Udongo walikiongezea tu. Mafundi wa mfalme waliyauliza maji kwanza, mapambo yakafuata. Yeye aliiga picha akaacha somo.

Akatoka, akapanda hadi kwenye ukuta wa Apolinari, akatazama chini. Nyasi zote zilikuwa zimelazwa na ile mvua, zimeelekea kusini, moja kwa moja hadi kifuani mwa kilima chake. Maji yalikuwa yameacha maelezo yote pale, ilikuwa ni kusoma tu.

Kilima kiondoke kaskazini, kiende magharibi, ambako hakuna maji yanayopita na ambako jua la saa kumi linachoma ziwa. Ndivyo alivyoamua. Aliomba likizo. Wachimbaji wake walikuwa wamerudi kwao kulima, kila aliyempigia alimwambia mbegu haingoji. Kwa hiyo asubuhi iliyofuata alifunga khanga kiunoni, akaanza mwenyewe, jembe, sepetu na toroli moja yenye gurudumu linalolia.

Siku ya kwanza alipunguza kona. Siku ya pili malengelenge yakapasuka. Siku ya tatu alikitazama kilima, akaona kama hakijaguswa, akakaa chini akalia kidogo, kisha akainuka akaendelea kubeba. Watu walipita, wakasema pole, wakaenda zao. Mzee Apolinari alitokeza kichwa juu ya ukuta kila saa moja, kwa ratiba, akihesabu siku zilizobaki kwa sauti.

Siku ya nne ikaja tipa. Dereva wake, Rogers, mtu mnene mwenye tabasamu, alishuka akakizunguka kilima akipiga miluzi.

"Sista, mwenyekiti kanipa mchongo. Kuna saiti kule Boko wanataka udongo wa kujazia. Mie nakutolea huu bure kabisa. Mashine ya kijiko inakuja kupakia, tripu kumi, kesho saa kama hizi hapa pameshakuwa tambarare."

Mwanaheri aliegemea sepetu. Mikono ilikuwa imevimba. Zilibaki siku sita, na kwa mwendo wake alihitaji ishirini. Bi Bupe hakuwa na nia mbaya, alikuwa amemtafutia njia ya kutokea. Kesho tu, na Apolinari angelala pakavu, na ziwa lisingefukiwa. Nani angemlaumu? Alifungua mdomo aseme ndiyo.

"Kijana, geuza gari."

Sauti ilitoka nyuma yake. Mzee Sadallah alikuwa ameshuka barazani. Alisimama ukingoni mwa shimo, mahali ambapo hakuwa amekanyaga kwa miaka ishirini, kofia imekaa upande, bakora mkononi.

"Shikamoo, mzee wangu. Mbona mie nawasaidia? Wala sio ishu ya hela."

"Marahaba. Hata wa kwanza aliniambia ananisaidia. Akaja na gari kama hili, rangi kama hii. Nikasema tripu moja tu." Mzee alilionyesha shimo kwa bakora. "Nenda na salama, mwanangu. Hapa udongo hautoki tena, hata wa kujaza kopo."

Juu ya ukuta kichwa cha Apolinari kikatokeza, kabla ya saa yake.

"Mzee Sadallah, shikamoo! Sasa gari imekuja bure na wewe unaifukuza? Unataka nizame?"

"Marahaba, Apolinari. Sitaki uzame. Nataka udongo ubaki."

"Nani ataubeba?"

Mzee Sadallah aliweka bakora chini, akaokota karai, akalijaza kwa mikono mpaka nusu, akalipandisha begani. Akaenda nalo magharibi, hatua kwa hatua, akalimwaga. Akarudi. Mwanaheri alitaka kumzuia, akamtazama usoni, akaacha. Uso ule haukuwa umegeukia ukuta.

Rogers aliwasha gari akaondoka. Karai la tatu lilipomwagwa, mlango wa Apolinari ulisikika ukibamizwa. Akatokea amevaa mabuti ya mvua, shati limepigwa pasi, jembe begani.

"Sijaja kusaidia," alisema. "Nimekuja kuharakisha. Mzee, shusha hilo karai, tafadhali. Mimi nina miaka sitini na sita, nitakaa ukutani nikutazame wewe ubebe? Kwetu wakisikia aibu hiyo, nitazikwa na nani?"

"Sishushi," alisema Mzee Sadallah.

"Basi jaza nusu ya nusu."

Wakafanya kazi hivyo hadi adhuhuri, wakibishana kuhusu ujazo wa karai. Saa nane Apolinari alikwenda nyumba kwa nyumba. Alikuwa karani wa posta, hakuna mlango asioujua. Kila mlango aliutangazia maneno yale yale, tena kwa ukali, kana kwamba yalikuwa yake tangu awali: "Mchanga wa ukuta wako umetoka kwa Sadallah. Rudisha kwa kubeba japo toroli mbili." Wako waliofunga mlango. Wengi hawakufunga. Bi Bupe, alipoona toroli tano zimejipanga, alitangaza msaragambo, kazi ya mtaa mzima, kwa ile sauti yake, akaja mwenyewe na sufuria la makande. Yule aliyesema u-China alikuja pia, akachimba kuliko wote, na hakuna aliyemkumbusha.

Siku ya tisa, saa kumi alasiri, kaskazini pakawa tupu. Pale kilipokuwa kilima walikata mfereji mpana, wakautandika mawe ya matumbawe. Magharibi kilisimama kilima kingine, kibaya kidogo, kimekaa upande kama ngamia aliyechoka, maana mikono mingi haina umbo moja. Mwanaheri alikipenda kuliko cha kwanza. Kaskazi ikarudi barazani, na Mzee Sadallah akamrudishia feni.

Masika iliingia siku ya kumi na moja, asubuhi, bila mzaha. Ilinyesha saa tatu mfululizo. Bi Bupe alisimama na mwavuli, mguu mmoja upande wa Apolinari, mwingine upande wa Mwanaheri. Maji yalishuka kutoka juu, mekundu, yakapita uani kwa Apolinari kama zamani, yakafika mahali pa kilima. Yakazunguka kidogo pale, yakaukuta mfereji, yakateremka juu ya mawe kwa kishindo na kuingia ziwani. Ziwa likapanda, likapanda tena. Kisiwa kimoja kikamezwa, ukabaki mnazi tu na majani yake matatu juu ya maji. Viwili vikasimama.

Mvua ilipokatika, Bi Bupe alikwenda kuchungulia sebule ya Apolinari, akarudi.

"Pakavu," alisema. Akafunga mwavuli. "Kile kifusi nitakipeleka kwingine."

Mwanaheri alikaa chini kwenye tope, akacheka huku machozi yakimtoka, na hakujali nani anamwona.

Watu walikuwa bado wamesimama ukingoni wakitazama maji, Mzee Sadallah akiwa kati yao na bakora yake, simu ya Apolinari ilipoita. Aliyepiga alikuwa seremala anayekuja kutengeneza kabati la stempu, amepotea njia. Apolinari alimwelekeza kwa sauti ya juu, kama wafanyavyo watu wa simu za mezani.

"Ndiyo, Mbweni! Shuka na barabara ya vumbi. Shuka tu, usiogope tope. Ukifika..."

Akasita. Wote walijua linalofuata. Mwanaheri alimwona baba yake akianza kuinamisha kichwa, kwa mazoea tu.

Apolinari akayatazama maji, akamtazama mzee, akakohoa.

"Ukifika Ziwa la Sadallah..."

Mzee Sadallah akainua uso. Akamgusa Apolinari begani kwa ncha ya bakora.

"Mwambie akishakiona kilima," alisema, "akate kushoto."